Kompyuta ya Mtoto Aliye Njiani

Ukitaka kumkasirisha Mwalimu, mwambie unajenga kompyuta. Nyumba hujengwa, angekuambia, ukuta hujengwa, hata choo cha nje hujengwa, kompyuta huundwa. Watoto wetu wa hapa Stockholm hawakuwa na habari hiyo. Kwa Kiswidi neno ni moja tu, la nyumba na la mashine, nao hufikiri kwa Kiswidi kisha hututupia sisi wazazi Kiswahili cha kuokoteza. Kila Jumamosi, katika ukumbi wa chini wa kanisa la Wakongo kule Rissne, Mwalimu aliwafundisha lugha ya mama zao, amevaa shati lililopigwa pasi na koti la suti lenye mikono iliyomzidi. Mtoto akisema "kujenga kompyuta" alisimamishwa, akarudia "kuunda" mpaka darasa zima lichoke.

Mimi ni mtu wa Tanga, na nilipenda kumtania kwamba dunia imekwisha ikiwa mtu wa Uvira, kule Kongo, ndiye anayemfundisha Kiswahili mtoto wa Tanga. Hakukasirika. "Mama Neema," alinijibu, "ninyi mnakizungumza, sisi tunakiheshimu." Alikiheshimu kweli, mpaka apandwe na hasira. Hapo kile cha kitabuni kilimtoka chote, akabaki na cha kwao, "minaenda" na "mu nyumba" na Kifaransa cha kuunganishia, na watoto nyuma ya darasa wakabanwa na kicheko.

Kama si binti yangu nisingemjua zaidi ya hapo. Neema alikuwa na miaka kumi na minne alipotaka kompyuta ya kuchezea gemu, si simu, si ile ya shule, bali kompyuta yenyewe, ya kukaa chumbani kwake Hallonbergen. Baba yake alisema sawa, tutanunua dukani iliyo tayari, yenye dhamana, ikiharibika tunairudisha. Neema akasema hapana, anataka kuiunda mwenyewe, kipande kwa kipande. "Mamma, alla bygger själva," alilia, yaani watu wote wanajiundia. Nilipochunguza, hao watu wote walikuwa wavulana wawili wa darasani kwake na msichana mmoja wa mtandaoni. Ugomvi ukahamia mezani wakati wa kula. Mimi natoka kazini Flemingsberg, nimesimama wodini tangu asubuhi, miguu imevimba, nafika nyumbani nageuzwa hakimu. Nikasema basi, twende kwa Mwalimu. Kila mtu alijua Mwalimu alikuwa na kompyuta ya gemu aliyokuwa akiiunda miaka nenda miaka rudi, ingawa hakuna aliyemjua mtu wa kuichezea. Aliishi peke yake.

Alitupokea vizuri, akatupa chai ya maziwa, kisha akatupitisha ukumbini hadi kwenye mlango uliofungwa. Akagonga. "Hodi," akasema. Kimya. "Hodi," akasema tena, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Nilimtazama mume wangu, mume wangu akatazama soksi zake. "Hodi." Kisha Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akasema asante kwa sauti ndogo, akafungua.

Ndani hamkuwa na mtu. Kulikuwa na kitanda kimoja kilichotandikwa, shuka limenyooshwa bila kunyanzi, na meza, na kiti kilichoteremshwa chini kabisa, kimo cha mtoto. Juu ya meza kulikuwa na kasha la kompyuta, ubavu wake mmoja uko wazi, na ndani yake feni zilizunguka taratibu zikiwaka buluu na kijani. Hazikuwa na kelele. Zilikuwa na pumzi tu. Kioo kilikuwa cheusi, na juu yake mstari mmoja wa maandishi meupe uliosema mashine haioni diski ya kuhifadhia kumbukumbu zake. Neema alipiga magoti mbele yake kama yuko kanisani. Alitaja kila kipande kwa jina, kadi ya picha, prosesa, ubao mkuu, vyote vya mwaka ule ule, vyote vya bei. Kisha akageuka.

"Lakini Mwalimu, imekwisha hii. Inakosa diski tu."

"Ndiyo," Mwalimu akasema. "Inakosa."

Mume wangu, ambaye alitaka kutoka mle upesi, akauliza lile lililotuleta: tununue au tuunde? Nilitegemea mtu aliyetumia miaka na bisibisi mkononi aseme tuunde. Hata Neema alishaanza kutabasamu.

"Nunueni," Mwalimu akasema. "Mtoto wenu yupo. Mwenye mtoto nyumbani hununua. Kuunda ni kwa yule ambaye wake angali njiani."

Neema alinuna mpaka tukafika kwetu. Tulinunua iliyo tayari, na kusema kweli inafanya kazi mpaka leo. Lakini siku ile kwenye ngazi nilishika mkono wa binti yangu, kitu ambacho alikuwa ameshanikataza kufanya mbele za watu, na hakuuchomoa.

Ile hodi baadaye nilikuja kuizoea, kama mtu anavyoweza kuzoea jambo la namna hiyo. Kwetu ukipiga hodi tatu usiitikiwe, unaondoka. Mwalimu alifuata sheria hiyo hata kwenye chumba kitupu. Kuna siku alipiga zote tatu, akasubiri, kisha akatugeukia akasema, "Leo hataki wageni," akaturudisha sebuleni tukanywe chai. Sikuwahi kujua alitambuaje siku ya kukaribishwa na siku ya kukataliwa. Mama mmoja wa kwaya aliniapia kwamba yeye alisikia kitu. Nikamwambia alichosikia ni feni. Akaniuliza, "Feni inasema karibu?" Mama huyo ana maneno mengi, lakini tangu hapo kila nilipokwenda nilikaa kwenye kiti cha mbali na ukumbi.

Kitu kingine: Mwalimu alichukia gemu. Aliziita bangi ya vidole. Darasani kwake simu zilikusanywa kwenye kikapu mlangoni, na mzazi aliyelalamika alipewa hotuba. Lakini kila shule zilipofunguliwa alikuja kwetu Hallonbergen, akaketi mbele ya Neema kwa heshima zote, akauliza watoto wa miaka kumi na miwili mwaka huu wanacheza nini. Si wa kumi na minne, si wa kumi na sita. Neema alimwambia. Alisikiliza, akauliza gemu hiyo inadai mashine ya nguvu gani, akashukuru, akaenda. Baada ya muda tungesikia kadi ya picha imebadilishwa, au ubao mkuu, au kasha zima. Vipande alivyovitoa aliwagawia watoto wa kanisa, kwa hiyo nusu ya kompyuta za watoto wetu wa Rissne na Hallonbergen zina kitu kilichopita kwenye chumba kile. Sidhani kama hata skrubu moja ya mwanzo ilibaki. Mashine ilikuwa mpya kila mwaka, na mtoto wake alibaki wa miaka kumi na miwili.

Watoto walisema vipande vya Mwalimu hujiwasha vyenyewe. Mimi ni muuguzi, nimeosha maiti, siogopi upepo. Nikasema ni hitilafu ya umeme. Ila siku alipompa Neema jozi ya spika za masikioni nilizirudisha kwa adabu, nikamwambia mtoto anazo.

Sababu ya chumba kile aliniambia ndani ya treni. Nilikuwa namsindikiza Flemingsberg kuonana na daktari wa macho, maana Kiswidi chake kilimtosha sokoni lakini hospitalini kilimkimbia. Watu waliotuzunguka walikuwa kimya, kila mtu na simu yake, kama kawaida ya huku. Mwalimu akaanza bila kuulizwa. Kule Uvira, mtaani kwao, kulikuwa na kibanda cha mbao chenye televisheni, watoto wanalipa kidogo wanacheza gemu. Mwanawe wa miaka kumi na miwili alihamia humo. Mwalimu alimfuata na fimbo, akamtoa, akamchapa. Kesho yake yuko humo tena. Siku bunduki ziliposhuka kutoka milimani mtoto alikuwa kibandani. Mama yake alishafariki zamani. Mwalimu alikimbia kwenda kibandani akakuta mlango uko wazi na televisheni inaendelea kucheza yenyewe.

"Angekuwa nayo nyumbani, Mama Neema," alisema, "angekuwa nyumbani."

Akatazama dirishani akaniuliza kama kituo kinachofuata ndicho chetu. Nilimwambia bado. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo miaka iliyopita tangu vita ile, na hesabu ilinionyesha kwamba mtoto yule, kama yu hai, ni mtu mzima wa rika la mume wangu. Nilitaka kulia, nikajikaza kwa sababu ya wale watu na simu zao.

Kisha mwanawe akapatikana. Watu wa kutafutisha ndugu waliopotezana vitani walimkuta kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, nchini kwangu, jina lake ni lile lile, la baba lile lile, na vipimo vya damu vikakubali. Angeletwa Sweden pamoja na wakimbizi wengine. Kanisa lilitangaza Jumapili, watu wakapiga vigelegele, na akina mama wa kwaya, ambao furaha yao haijui kukaa chini, wakachanga wakanunua kompyuta ya gemu. Iliyo tayari, ndani ya boksi lake, na utepe mwekundu juu. Walinialika nikawasindikiza. Walitaka kumpumzisha mzee na ule uundaji wake usiokwisha.

Mwalimu alifungua mlango, akaona boksi, akarudi nyuma. Sijawahi kumwona mtu akiogopa zawadi namna ile.

"Hapana, bamama," akasema, na kitabu chote kilikuwa kimemtoka. "Ile iko ya kuisha. Ya kuisha haiingie mu nyumba mbele mutoto afike. Murudishe. Pardon, murudishe."

Akafunga. Akina mama walibaki ngazini na boksi lao. Mmoja alisema ni kiburi, mwingine akasema ni uzee, mwingine, ndiye yule aliyeniapia alisikia kitu, akaanza kukemea pepo. Mimi niliyarudia maneno yake kichwani, kwamba iliyokamilika isiingie kabla mtoto hajafika, na ghafla nikaelewa, nikashangaa nilivyokuwa mzito. Nikawauliza: "Nani kati yenu alinunua nguo za mtoto kabla hajajifungua?"

Hakuna aliyezinunua. Hata mimi, niliyejifungulia hospitali yenye kila kitu, wenzangu Waswidi kazini wakinishangaa, sikuweka hata soksi moja kabatini mpaka nilipomsikia Neema analia. Nguo iliyotangulia humwita mtoto vibaya. Mwalimu, msomi, mtu wa kucheka ushirikina wa wengine, alikuwa anasubiri uzazi. Angeinunua kompyuta iliyo kamili, mtoto asingefika. Akiiacha bila kuunda chochote, mtoto angekuta nyumba haikumtarajia. Basi aliiunda, na hakuimaliza. Tulilibeba boksi tukalirudisha dukani, na njia nzima hakuna aliyeimba.

Mwana alifika majira ya kuchipua. Nilikuwepo uwanja wa ndege na wazee wa kanisa. Alitoka mwanamume mrefu, mwenye upara unaoanza na mvi mbili tatu kidevuni, mikono ya mtu aliyechimba na kubeba. Akamwona baba yake, akaliacha begi, akapiga goti sakafuni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," Mwalimu akajibu. Akampa mikono miwili. "Karibu sana, bwana. Pole na safari."

Bwana! Tulisema ni mshtuko, utapita. Alimpa chumba chake mwenyewe cha kulala, yeye akalala kwenye kochi. Kile chumba kingine kilibaki kimefungwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilipita, mwezi ukapita, na jembe halikutolewa. Mwalimu aliendelea kumkatia nyama iliyo nzuri na kumuuliza kama amelala salama, kama unavyomfanyia mgeni wa askofu. Yule mtu alikumbuka kila kitu, wimbo wa mama yake, jina la mbwa wa jirani, fimbo ya mpera aliyochapiwa. Mwalimu alisikiliza, akakubali kwamba yote ni kweli.

Mchungaji alimweka chini, nami nikiwepo. "Mzee, huyu ni mwanao. Damu imesema."

"Sikatai," Mwalimu akasema. "Damu ni yangu. Ni mtu wangu huyu, atakaa kwangu mpaka nife. Lakini mwanangu hasemi 'nakuja'. Mwanangu anasema 'minakuya'."

Yule bwana alikulia Kigoma. Alizungumza kama mimi. Na Mwalimu, aliyewasimamisha watoto wa watu kila Jumamosi kwa hiyo hiyo "minakuya", sasa alikuwa anaisubiri mlangoni kama wimbo. Nilikasirika. Nilikasirika kwa niaba ya yule mtu aliyevuka miaka yote ile akaja kuitwa bwana. Nikaacha kwenda Rissne.

Nilikutana nao tena majira ya baridi, Hallonbergen, ndani ya jengo la maduka karibu na ngazi za kushukia treni. Ilikuwa alasiri na nje mwanga ulikuwa unaondoka, kama unavyoondoka mapema miezi ile. Mwalimu alikuwa amepungua. Koti sasa lilimvaa yeye. Mwanawe alibeba mfuko wa duka la vifaa vya kompyuta. Tulisalimiana, Mwalimu akaniuliza Neema yu hali gani, nikamwambia yuko chuo, akasema vizuri, akatuacha akaenda kununua mkate.

Sikujizuia. "Kaka," nikamwambia, "mpaka leo unambebea vipande? Nunua hiyo diski uiweke mwenyewe, iishe. Au mpeleke kwa daktari. Wewe ndiye mwanawe!"

Hakukasirika. Alikuwa na upole wa baba yake.

"Nilishainunua, dada. Mwezi wa kwanza tu. Nikangoja atoke, nikaingia mle chumbani, nikaketi kile kiti. Magoti hayakuingia chini ya meza. Nikawa na diski mkononi, feni zinazunguka, na nikaona haya, kama nimeingia kuiba kwa watu."

"Kwa nani? Chumba ni chako!"

Aliuhamishia mfuko mkono wa pili.

"Baba anadhani mimi simjui yule mtoto," alisema. "Mimi ndiye niliyemwona mwisho. Tulitoka kibandani pamoja, ndani ya shati moja, risasi zinalia. Tukafika njia panda. Yeye akakimbia kuelekea nyumbani. Mimi nikakimbia ziwani, na watu." Alinitazama kuona kama namcheka. Sikumcheka. "Sijamwona tena, dada. Usiku wa kwanza Kigoma nilimtafuta kwenye blanketi. Mtu akisema mtoto huyo amefika, mimi nitakuwa wa kwanza kubisha. Hajafika."

Mwalimu alirudi na mkate kwapani. Yule mwana akatazama milango ya vioo, kule nje palipoanza kuwa peusi, na nikaona kwamba sura yake imebadilika, imekuwa na wasiwasi wa kweli, si wa kumridhisha mzee.

"Baba, twende," akasema. "Asije akafika akakuta mlango umefungwa."

Mwalimu alisimama. Alimtazama mtu huyo mrefu kwa muda, kuanzia viatu hadi ile mvi ya kidevuni, kama anamsoma kwa mara ya kwanza. Kisha akamshika mkono, alivyokuwa hajawahi kumshika tangu uwanja wa ndege.

"Twende, mwanangu," akasema. "Mdogo wako anaogopa giza."